Maduara Mia ya Geresom Wanzala

Ukitaka kumuudhi Geresom Wanzala, mwombe akuambie umepona. Atakutazama juu ya miwani, akusukumie karatasi yako kupitia kidirisha cha maabara, aseme, "Leo sijaona kitu," kisha afunge kidirisha kabla hujashukuru. Majirani zake wa Namakwekwe, pale Mbale alikopanga chumba kimoja nyuma ya kinu cha mahindi, humcheka. Wanasema hata ukimwuliza kama mvua imekatika atatoka nje, atazame juu dakika tano, arudi kukujibu kwamba hajaona tone. Wacheke tu. Hadi mwaka wa tisini na sita hata yeye alikuwa mtu wa kicheko, na neno "umepona" alilitoa bure kama salamu.

Kazi ya vioo vya maabara aliianzia Jinja, akiwa askari magereza. Ofisa wa zahanati ya gereza aliona kijana huyu wa Kigisu ana jicho la mwewe na subira ya fisi, akamwondoa kwenye lindo la ukuta, akamketisha mbele ya hadubini atafute malaria katika damu za wafungwa na za walinzi wao. Huko ndiko alikojifunzia Kiswahili, kwa amri na kwa matusi. Huko ndiko alikopewa pia sheria aliyoishika kuliko Amri Kumi. Ukiinamia hadubini unaona duara la mwanga. Ukikisogeza kioo kidogo, duara jingine linaingia na vilivyomo. Ukikiona kidudu katika duara la kwanza, umemaliza kazi, andika. Lakini huruhusiwi kuandika "hakuna" mpaka umepita maduara mia. Kuona ni rahisi, ofisa alimwambia. Kutoona ndiko kwenye masharti.

Alipoacha magereza na kuajiriwa na hospitali moja ya misheni Mbale, alihama na sheria yake, na jina la Afande likamfuata. Wanafunzi wa maabara walimwogopa. Aliyeandika "hakuna" baada ya maduara arobaini alirudishwa kuanza moja, hata kama ni saa ya chakula.

Mwezi wa tatu mwaka huo wa tisini na sita dada yake Jovia alimjia kutoka Masese, kule ziwani Jinja, alikoolewa na mchuuzi wa samaki aliyeitwa Isabirye. Mgongoni alimbeba bintiye Topista, mwenye miaka sita, ambaye alikuwa mkubwa mno kubebwa. Taya la kushoto la mtoto lilikuwa limevimba kana kwamba ameficha kiazi shavuni.

"Meno yalianza kucheza," Jovia alisema, kwa Kigisu chao cha nyumbani. "Tukampeleka kwa mzee wa meno. Akang'oa mawili, akasema uvimbe utashuka."

"Lini?"

"Wiki moja sasa. Jana gauni hili lilipita kichwani vizuri. Leo nimelipasua shingo."

Geresom alimshika mtoto mkono, akampeleka moja kwa moja kwa Daktari Lillian, mtu wa kabila la Walango kutoka Lira, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Yeye hakujua Kigisu, Geresom hakujua Kilango, basi walikutana kwenye Kiswahili cha kambini, kila mmoja akikivunja kwa upande wake. Daktari alichoma sindano nyembamba kwenye uvimbe, akavuta tone, akalipaka kwenye kioo. Geresom alikitia rangi, akainama.

Hakuhitaji duara la pili. Seli zilikuwa zimejazana bega kwa bega, za buluu nzito, zenye vitundu vyeupe kama vimetobolewa kwa pini. Zilikuwa zinagawanyika popote alipotazama, na yeye, aliyezoea kuona damu ikienda taratibu zake, aliogopa.

"Daktari, ni ile."

"Ile saratani ya taya?"

"Ile."

Saa nne walikaa barazani na vikombe vyao vya chai, na Geresom, ambaye kwa miaka kumi na mitano alikuwa ameziona seli hizo bila kuuliza, safari hii aliuliza. Kinachozifanya zikimbie hivyo ni nini? Daktari Lillian aligeuza karatasi ya maabara, akachora upande wa nyuma.

Alimweleza kwamba katika damu kuna seli ziitwazo B, na kazi yao ni kutengeneza kingamwili, silaha za mwili. Ndani ya kiini cha kila seli kuna jeni nyingi, na nyingi kati yake zimefungwa. Zipo protini ambazo kazi yao ni kuingia humo, kushika jeni na kuiwasha: wewe amka, wewe lala. Lakini protini hizo nazo zinachungwa. Nyingine hushikwa na mlinzi nje ya kiini, zikingoja ishara kwamba adui ameingia. Ishara ikifika, mlinzi anaondolewa, nazo zinaingia kazini. Nyingine, kama ile iitwayo Myc, inayoihimiza seli igawanyike, hutengenezwa kidogo na kuvunjwa haraka. Haimalizi hata saa moja. Ikitakiwa tena, amri lazima itoke upya.

"Kama mahabusu," Geresom alisema. "Hatoki bila karatasi. Na karatasi ya jana haifungui mlango leo."

"Ni hivyo hivyo, Afande." Daktari alichora mstari, akaukata, akaubandika pengine. "Sasa ona hii ya mtoto. Jeni ya Myc imekatika kwa nyumba yake. Imeenda kukaa karibu na jeni ya kingamwili. Na kwa seli B, huko kwa kingamwili hakuna kulala. Wewe najua watu ya Masese nafanya nini na stima?"

"Wanafunga waya kwa nguzo."

"Enhe. Haipiti kwa mita, haipiti kwa swichi. Unapiga swichi ya ukuta mpaka kidole nauma. Taa iko tu."

"Na nani alikata?"

"Malaria nasaidia. Kila homa naita hizo seli zizae nyingi, zikate jeni yao, ziunge tena, zitafute silaha mpya. Iko na kirusi kingine nakaa ndani kimya, nayo nazisukuma. Ukikata na kuunga mara elfu nyingi, siku moja unaunga vibaya."

Geresom alitazama mchoro. Topista alikuwa amekwisha kuugua homa mara ngapi pale ziwani? Hakuna aliyehesabu.

"Na dawa?"

"Dawa naua seli. Hiyo waya haigusi." Daktari alikunja karatasi. "Ikibaki seli moja, Afande, moja tu, taa yake iko inawaka. Kesho ni mbili. Kesho kutwa ni nne. Ndiyo sababu sindano ni sita, hata kama uso imekuwa mzuri."

Uso ulikuwa mzuri ndani ya siku tano. Walimchoma Topista sindano ya kwanza ya mshipa Jumatatu. Jumatano taya likalegea. Jumamosi wauguzi walikuwa wakiitana kutoka wodi nyingine waje waone. Saratani ile inayeyuka upesi kama ilivyokuja, na hilo ndilo baya lake, kwamba inakupa furaha kubwa kabla haijamaliza shughuli yake. Topista alianza kutembea wodini akihesabu vitanda. Alikuwa darasa la kwanza na amejifunza kuhesabu mpaka mia, na hakumwonea huruma yeyote: alihesabu vitanda, nzi, meno ya wagonjwa waliolala midomo wazi.

"Khotsa," alimwambia Geresom, maana ndivyo Wagisu wanavyomwita kaka wa mama, "wewe unahesabu nini kwenye kile chuma chako?"

"Maduara."

"Mpaka ngapi?"

"Mia."

"Kama mimi," mtoto alisema, akaridhika.

Jovia alitaka kwenda nyumbani. Isabirye alikuwa ametuma habari kwamba watu wa Masese wanangoja kumwona mtoto na kumshukuru Mungu. Daktari Lillian alikubali kwa masharti mawili: kwamba warudi siku ya kumi na nne tangu sindano ya kwanza, kwa sindano ya pili, na kwamba kwanza wayapime maji ya uti wa mgongo, kwa sababu seli zile hupenda kujificha huko, mahali ambapo dawa ya mshipa haifiki vizuri.

Ilikuwa Ijumaa ya wiki ya pili, asubuhi. Gari la Jinja lilikuwa liondoke saa tano. Geresom aliyazungusha maji kwenye mashine, akapaka mashapo kwenye kioo, akayatia rangi, akainama. Jovia alisimama kidirishani na mzigo kichwani. Topista, ndani ya gauni jipya la Jumapili, alibandika pua kwenye kioo cha dirisha.

Thelathini. Safi. Arobaini. Safi.

"Kaka, bado?"

Hamsini. Geresom alijikuta anatabasamu. Sitini, na duara lilikuwa jeupe kama maji ya mtungi. Dereva alipiga honi barabarani. Geresom alifikiri: kama zingekuwapo, ningekwisha kuziona, kuna haja gani ya kuwatesa hawa? Haraka haraka haina baraka, alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kila siku ya Mungu. Alichukua kalamu akaandika, "Hakuna." Jovia alipiga kigelegele, na Geresom akakitia kioo katika sanduku la mbao bila kukitazama tena.

Jumapili iliyofuata alipanda gari kwenda Masese mwenyewe. Isabirye alikuwa amechinja mbuzi. Walikuja wavuvi, wachuuzi, wanakwaya, na mzee Mahad, jirani Mwislamu aliyewahi kuuza samaki mpaka Kisumu na ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha wote. Baada ya chakula walimwita khotsa asimame. Kwao Wagisu neno la kaka wa mama si la mchezo. Akikubariki, njia yako inafunguka. Akikuacha na kinyongo, hata ng'ombe wako hawazai. Isabirye ni Msoga, lakini kwao nako mjomba ana uzito wake, basi hakuna aliyehitaji kufundishwa. Geresom alichukua maji mdomoni, akampulizia mtoto kifuani, akasema kwa sauti mbele ya watu wote, "Amepona."

Walishangilia. Mtu alimpa Topista chupa ya soda, naye akanywa, akacheka, na soda ikamtoka kwenye pembe ya kushoto ya mdomo ikalowesha gauni. Geresom aliiona. Alijiambia ni mapengo ya meno yaliyong'olewa. Alikunywa bia aliyopewa na akaondoka kabla ya jua kuzama.

Siku ya kumi na nne ilifika, na kitanda cha Topista kilikuwa kitupu. Siku ya kumi na sita Daktari Lillian alikuja mwenyewe maabara.

"Afande, mtoto iko wapi?"

Geresom alituma ujumbe kwa mchuuzi aliyekuwa akishuka Jinja. Jibu lilirudi baada ya siku mbili, na lilikuwa fupi: khotsa ameshasema amepona, tumrudishe kwa nini?

Geresom akafungua sanduku la mbao, akatafuta kioo cha Ijumaa ile, akakiweka chini ya hadubini. Alianzia alipoishia. Sitini na moja, safi. Sitini na tano, safi. Alianza kupumua. Sabini na tatu: zilikuwa tano, zimekaa pamoja pembeni mwa duara, za buluu nzito, na vitundu vyake. Moja ilikuwa katikati ya kugawanyika.

Alikwenda kwa Daktari Lillian na kioo mkononi. Angeweza kukificha, hakuna ambaye angejua. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa maradhi hayakuwa yake. "Nilisimama kwa sitini," alisema.

Daktari alitazama kupitia hadubini. Alikuwa na haki ya kumtukana, na pengine Geresom angeshukuru. "Siku ngapi tangu sindano?" aliuliza tu.

"Kumi na nane."

"Lete yeye. Leo ikiwezekana."

Alifika Masese Ijumaa alasiri. Topista alikuwa amekaa kizingitini akihesabu dagaa waliokuwa wakianikwa. Aliinua uso kumsalimu, na upande wa kulia ukatabasamu. Upande wa kushoto ulibaki vilevile. Alipopepesa macho, kope la kushoto lilishuka nusu likakwama.

"Ni upepo wa ziwa," Jovia alisema haraka. "Sivyo? Mwambie baba yake ni upepo."

Isabirye alimsikiliza Geresom mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, wala mjinga. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu.

"Shemeji, wewe ulipuliza maji hapa," alisema, kwa Kiswahili alichookota kwa wanunuzi wa Kenya. "Watu yote naona. Sasa mimi nikibeba mtoto, nimetupa baraka yako. Akikufa kwa njia, nani ameua? Si mimi?"

"Ile haikuwa baraka. Nilikosea."

"Unaambia mimi hapa kwa jikoni. Wengine ilisikia kule nje."

Wakamwita mzee Mahad, na Mahad akakuna ndevu. "Neno lililosemwa mbele ya watu huondolewa mbele ya watu," alisema. "Mkitaka mtoto atoke na moyo wa baba yake umetulia, waiteni wale wale. Nusu yao wako visiwani. Jumapili watakuwa wamerudi."

Jumapili! Geresom alitaka kumnyakua mtoto akimbie naye. Lakini mtoto si wake, na Jovia hangepiga hatua bila mumewe. Alimsihi Isabirye jioni ile, akamsihi asubuhi, mpaka sauti ikamkauka. Jumamosi kope la kushoto halikushuka kabisa. Topista alilala mchana jicho moja likiwa wazi, likitazama dari bila kuona. Geresom alikaa kando yake akimfukuzia nzi, na kichwani mwake hesabu ilikuwa ikienda yenyewe, kila siku ikizidisha mara mbili ile ya jana. Hakuna karatasi iliyokuwa imeiruhusu na hakuna ambayo ingeizuia.

Jumapili walikuja wote. Hapakuwa na mbuzi. Geresom alisimama palepale aliposimama siku ile, na aliyekuwa askari hakujua aweke wapi mikono.

"Nilisema amepona," alisema. "Nilidanganya. Kazi yangu ni kuhesabu mpaka mia, nikahesabu sitini, kwa sababu nilimpenda mtoto na nilitaka kwenda karamuni. Neno langu nalitoa. Si baraka. Msilishike."

Bibi mmoja wa upande wa Isabirye alitema mate chini. "Basi katika nyumba hii," alisema kwa Kisoga, na Mahad akamtafsiria polepole, "hutapuliza maji tena. Si kwa mtoto huyu, si kwa ndugu zake, si siku ya harusi."

"Nimekubali," Geresom alisema, na yalimuuma kuliko alivyotarajia.

Walitoka Jumatatu kulipopambazuka. Pale barabarani wakingoja gari, Topista alikuwa begani mwa mjomba wake, mwepesi mno kwa miaka yake. Maneno yalimtoka nusu, kwa upande mmoja wa mdomo.

"Khotsa, si ulisema nimepona?"

"Nilihesabu vibaya, mama."

"Ulifika ngapi?"

"Sitini."

Mtoto alifikiri. Alikuwa darasa la kwanza, na jambo hili alilijua vizuri kuliko mambo yote ya dunia. "Baada ya sitini kuna nyingine," alisema. "Hesabu tena."

Mchana ule Daktari Lillian aliyatoa maji ya mgongo upya, na safari hii hayakuwa meupe. Geresom aliyazungusha, akapaka, akatia rangi. Akainama. Duara la kwanza lilikuwa limejaa seli ukingo hadi ukingo. Zilikuwa bega kwa bega, zinagawanyika mbele ya macho yake.

Daktari, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alimwekea mkono begani. "Imetosha, Afande. Mimi naona kwa uso yako. Andika, nitayarishe sindano ya mgongo."

"Tayarisha, Daktari," Geresom alisema, "lakini mimi nimeagizwa." Akasogeza kioo. "Mbili," alisema kwa sauti. "Tatu."

Daktari alikwenda zake mbio. Kidirisha kilikuwa wazi. Nje, kwenye benchi, Jovia alikuwa amempakata mwanawe, akimfunika jicho la kushoto kwa kiganja ili vumbi lisiingie. Mtoto alimsikia mjomba wake. Midomo yake ilianza kusogea, upande mmoja tu, ikifuata.

Kumi na moja. Kumi na mbili. Arobaini. Sitini. Kwenye sitini sauti ya Geresom ilikatika, na kimya kikawa kirefu hata Jovia akainua kichwa. Ndipo kutoka kwenye benchi ikasikika, ndogo na iliyopinda, "Sitini na moja."

Walifika mia pamoja. Geresom akachukua kalamu.